Kikokotoo cha Spesioza

Nilisikia msumeno kabla sijaiona nyumba. Dereva wa bodaboda aliyenichukua Kibondo mjini alikuwa amezima pikipiki juu ya mteremko, kwa sababu njia ilikuwa imeliwa na mvua, akaniambia, "Dada, kuanzia hapa ni miguu tu." Katika ukimya uliobaki baada ya injini ndipo nikausikia, ukienda, ukirudi, ukisimama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukienda tena. Nilijua ni mbao za nini. Nikashuka kati ya migomba, viatu mkononi, nikiomba fundi asimalize kabla sijafika, ingawa hata leo sijui kuchelewa kwake kungenifaa nini. Spesioza alikuwa amekufa jana yake alfajiri, kwa ugonjwa wa ini uliomla miezi minne. Mimi, niliyelala kitanda cha juu yake miaka miwili, nilikuwa nimekwenda kumwona mara moja tu katika hiyo miezi minne, na siku hiyo nilikaa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Alikuwa na miaka ishirini na nane. Watu waliokaa kwenye mabenchi uani walisimulia mambo ya Spesioza mwalimu, Spesioza mama wa watoto wawili, Spesioza aliyeimba kwaya. Mimi nilikaa pembeni na Spesioza mwingine, yule wa mwaka mmoja, mwaka wa kidato cha sita kule Kasulu. Huo ndio mwaka ninaoubeba. Mengine yaliyotangulia na yaliyofuata naweza kuyasimulia kwa yeyote bila sauti yangu kubadilika.

Bweni letu lilikuwa refu kama ghala, na sisi wa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati tulikuwa wachache hata tukatosha kona moja, karibu na dirisha lililokosa kioo. Kasulu ni baridi, na wakati wa masika sweta hazikauki. Mle ndani daima palinukia sufu mbichi, sabuni ya mche na maharage, kwa kuwa jiko lilikuwa upande wa upepo. Tulikula makande mchana na ugali wa muhogo jioni. Spesioza alikuwa na mtindo wa kula ulionikera na ambao sasa ningetoa chochote niuone tena: alichambua makande yake, akala mahindi yote kwanza, akabakisha maharage, kisha akayala moja moja huku akiongea. Na aliongea juu ya maji. Kila asubuhi tuliteremka na ndoo hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya shule, na yeye alihesabu kwa sauti ndoo ilichukua muda gani kujaa, akaandika nyuma ya daftari. "Angalia, Yusta," alisema. "Huku kwetu maji yanatoka kwenye kila kilima. Yanashuka yenyewe bondeni, halafu mama zetu wanayabeba kichwani kuyarudisha juu. Sasa hapo nani mjinga, maji au sisi?" Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Hakusema "nikijaliwa," kama sisi wengine tulivyosema juu ya kila kitu. Alisema "nikimaliza."

Mwalimu wetu wa Hisabati, Mwalimu Hamadi, alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa na serikali mpaka milimani kwetu, akaja na kofia ya kiua na koti moja zito ambalo hakulivua mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Sisi tuliojifunza Kiswahili darasani, baada ya Kiha cha nyumbani, tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza redio nzuri, na alipotoka tulimwigiza. Shule haikuwa na vifaa vya kuchorea grafu, basi alitufundisha njia yake. Ulichukua waya wa breki ya baiskeli, ukaupinda taratibu mpaka upite juu ya nukta zako zote, ukaushikilia kwa vidole vya mkono wa kushoto, kisha ukaufuata kwa penseli. "Nukta za mkunjo haziungwi kwa rula, binti," alikuwa akisema. "Rula hapo inasema uongo." Mimi nilikuwa na mkono wa kazi hiyo. Sikuwa wa kwanza darasani kwa jambo lolote jingine. Spesioza aliniacha mbali katika Fizikia, na katika Kemia sote tuliachwa na Generoza. Lakini grafu zangu Mwalimu Hamadi alizinyanyua juu darasa zima lizione, na wasichana walikuja kitandani kwangu na madaftari yao, wakisema, "Dada Yusta, nipindie kidogo hapa." Nilipenda kuitwa hivyo. Sikujua nilipenda kiasi gani.

Shule ilipofunguliwa Januari, kaka yake Spesioza, Deo, alimleta mwenyewe hadi getini. Deo alikuwa mkalimani kambini Nduta, iliyokuwa imefunguliwa tena na kujaa Warundi. Alifanya kazi na mhandisi mgeni aliyechimba visima na kutandaza mabomba, na kwa siku moja aliweza kuhama kutoka Kirundi kwenda Kiingereza na kurudi Kiswahili pasipo kumeza mate. Mhandisi huyo alipomaliza mkataba wake alimwachia Deo vitu viwili, buti na kikokotoo. Buti zilimtosha Deo. Kikokotoo alikileta kwa mdogo wake kikiwa kimezungushiwa taulo. Hakikuwa kama hivi vyetu vidogo vinavyoingia mfuko wa shati. Kilikuwa kizito kama mche wa sabuni, kina betri nne, na maandishi ya vitufe vyake yalikuwa yamefutika kwa vidole vya yule mhandisi. Kioo chake kilikuwa kipana, cha kijivu, kitupu. Tulidhani kimeharibika.

Alasiri ile tulijazana kwenye kitanda cha chini mpaka mbao zikalia. Spesioza aliandika sine ya x, akabonyeza, akangoja.

"Imekufa," mtu mmoja alisema.

"Tulia, inawaza."

Kisha mstari ukaanza kutambaa upande wa kushoto wa kioo, ukapanda, ukageuka juu bila kuvunjika, ukashuka, ukapanda tena, mwororo. Wasichana wakapiga vigelegele kama harusini. Generoza, ambaye alikuwa na ulimi, akanitazama nilipokaa kule juu, miguu ikining'inia.

"Wewe Yusta, ule waya urudishe kwenye baiskeli ya watu, wasije wakagonga ng'ombe!"

Bweni zima lilicheka. Spesioza naye alicheka; nilimwona. Baadaye alinyoosha mkono akanishika kisigino, akasema, "Usiwasikilize. Hii haijui inachochora. Wewe unajua." Lilikuwa neno zuri, na alilisema kwa moyo. Miaka yote hii nimejaribu kutafuta katika uso wake wa siku ile dharau ambayo ingenipunguzia mzigo. Sijaipata. Alikuwa msichana aliyepewa zawadi, akafurahi.

Toka siku ile madaftari hayakupanda tena juu. Yaliishia kitanda cha chini. Nililala nikisikia sauti zao chini yangu, "Weka tano hapo, tuone itapinda wapi," na niligeukia ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kitu pekee kilichokuwa changu kilikuwa kimechukuliwa na mashine ya betri. Naandika hivi nikijua inasikika kama kisingizio. Ni kisingizio. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sitaki kujifanya nilikuwa na sababu kubwa zaidi.

Mwezi wa tatu nilipeleka madaftari ya darasa ofisini kwa walimu. Mlango ulikuwa wazi nusu, na kabla sijabisha nikamsikia mwalimu wa taaluma akisoma kwa sauti maelekezo ya mtihani wa taifa: watahiniwa wa Hisabati waje na vikokotoo vya kawaida vya kisayansi, visivyo vya kuchora grafu wala vya kutunza programu. Mwalimu Hamadi akasema, "Ee, basi ile ya Spesioza hawataipitisha." Aliponiona mlangoni akaniita. Alikuwa anafunga mkoba. Mkewe alikuwa amejifungua Pangani na alikuwa anaondoka kwa basi la alfajiri.

"Yusta, mwanangu. Mwambie mwenzio ile mashine yake ni ya kujifunzia tu. Mtihani aje na ndogo. Atafute mapema, asingoje mwezi wa tano."

"Sawa, mwalimu."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Na kweli sikusahau hata siku moja. Niliingia bwenini jioni ile nikiwa na neno mdomoni. Spesioza alikuwa amekaa katikati ya wenzake, anawaonyesha jinsi mikunjo miwili inavyokutana, na Generoza akasema, "Karibu, fundi baiskeli." Nikapanda juu kitandani. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho nikajiambia ni Jumamosi, tukienda mjini.

Jumamosi ile tulipewa ruhusa ya kwenda Kasulu mjini, na haya nimeshayapitia mara nyingi mno kichwani. Duka la vifaa vya shule lilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyezaliwa na wazazi waliokimbia Burundi zamani, naye sasa alikuwa raia na mzungumzaji kuliko wote sokoni. Katika kabati la kioo alikuwa na vikokotoo vitatu, vyote vidogo. Spesioza aliomba kimoja, akakifungua kifuniko, akajaribu vitufe.

"Chukua hiyo, mwanangu," mama yule alisema. "Hiyo haigombani na mtu. Watoto wote wanaofaulu hapa wamepita mikononi mwangu."

"Na wanaofeli je, mama?"

"Hao wamenunua kwa jirani!"

Tulicheka. Spesioza akakigeuza kile kikokotoo, akakipima kiganjani. Pesa alikuwa nazo. Deo alikuwa amemtumia wiki ile. Akaniuliza, na aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka jibu kweli, "Unaonaje, Yusta? Ninunue hii iwe ya akiba?"

Nikasema, "Ya nini, na una ile?"

Maneno matano. Nilitazama mizani ya sukari ya mama yule huku nikiyasema. Spesioza alifikiri kidogo, akasema, "Kweli," akakirudisha kwenye kabati mwenyewe, akakilaza pale pale kilipokuwa. Zile pesa alizinunulia karanga na sukari, tukarudi nazo shuleni, tukazila siku tatu, na mimi nilikula. Mwalimu Hamadi aliporudi kutoka Pangani, mwenye furaha, na picha ya mtoto ndani ya simu, aliniuliza koridoni, "Ulimfikishia mwenzio?" Nikasema, "Nilimfikishia, mwalimu." Akaridhika. Kwa nini asiridhike?

Asubuhi ya Hisabati ya kwanza tulipanga mstari nje ya bwalo, namba za mtihani zikiwa mkononi. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mikaratusi. Msimamizi, mtu mzima aliyetoka wilaya nyingine, alikagua mmoja mmoja mlangoni: rula, penseli, kikokotoo. Hakuwa mkali. Alipofika kwa Spesioza alikipokea kile kikubwa kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma.

"Binti, hiki hakiruhusiwi. Una kingine?"

"Sina."

"Hamkutangaziwa?"

Spesioza aligeuka. Alitazama nyuma kwenye mstari, akanitafuta mimi, si kwa kunilaumu, ila kwa namna mtu anavyomtafuta wake anapoteleza. Mimi nilikuwa nimekibana changu kiganjani mpaka vitufe vikaniacha alama. Msimamizi alitazama saa. Walimu wa somo hawakuruhusiwa kukaribia bwalo, hakuna aliyeruhusiwa kutoka tena, na kuazimana ndani ni kosa. Alikitia ndani ya bahasha, akaandika namba yake juu, akasema, kwa huruma kabisa, "Ingia. Fanya unayoweza."

Swali la kwanza la mtihani ule linataka kikokotoo. Ndivyo linavyokuwa, kila aliyepita pale anajua. Ni swali la kukupa alama za haraka na kukutuliza moyo. Mimi nilikaa nyuma yake. Pande zote nilisikia vidole vikigonga vitufe, kama mvua ya kwanza kwenye bati, na mbele yangu nilisikia penseli tu. Alikuwa anazidisha kwa mkono. Alikuwa anatafuta vipeo kwa mkono, desimali kwa desimali, akifuta, akianza tena, na mabega yake yalikuwa juu karibu na masikio. Zilipita karibu saa mbili kabla hajafungua ukurasa wa pili. Najua, kwa sababu nilikuwa nauangalia ukurasa wake kuliko wangu.

Tulipotoka, Mwalimu Hamadi alikuwa anangoja karibu na jiko, na habari zilikuwa zimeshamfikia. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. "Spesioza! Si niliagiza uambiwe? Mwezi wa tatu! Si nilimtuma Yusta?" Spesioza alisimama tu na rula yake mkononi. Mimi nilipita upande wa kamba za nguo, akanifuata huko, kati ya mashuka yaliyoanikwa. Hakuwa analia.

"Yusta. Mwalimu alikuagiza?"

Bado ningeweza. Hata pale, baada ya yote, ningeweza kusema ndiyo, nikalia, akanipiga, tukabaki watu wawili wanaojua jambo moja.

"Nilikuambia," nikasema. "Siku ile dukani. Si nilikuambia ununue ile ndogo? Ukasema, ya nini, na nina ile."

Alinitazama. Niliyaona macho yake yakirudi dukani, kwenye kabati la kioo, yakitafuta, na niliona jinsi yalivyokosa pa kushika. Alikuwa ananiamini kuliko alivyoiamini kumbukumbu yake. "Kumbe ni mimi niliyesema hivyo?" aliuliza. "Mungu wangu. Kichwa changu kilikuwa wapi?" Kisha akaniomba radhi kwa kuwa Mwalimu alinitaja mbele ya watu.

Mtihani wa pili alikwenda na kikokotoo cha kuazima kwa msichana wa kidato cha tano, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingiwa na hofu. Matokeo yalipotoka, Fizikia aliniacha mbali kama kawaida yake; Hisabati alipata alama ya chini kabisa ya kufaulu, isiyomfungulia mtu mlango wowote wa uhandisi. Alisema atarudia. Mwaka uliofuata baba yake alipooza upande mmoja, na uliofuata aliolewa, na baada ya hapo alifundisha watoto kujumlisha na kutoa katika shule ya msingi barabara ya kwenda Nduta, kwa kujitolea kwanza, kisha kwa ajira. Mimi nilikwenda chuo Dar es Salaam. Kila nilipopanda likizo alinipigia simu, na mimi nilikuwa na shughuli.

Hayo yote nilikuwa nayo pale kwenye benchi, Kibondo, mama yake alipotokea mlangoni akaniita kwa mkono. Mama Deo alikuwa amepungua mwili mpaka kitenge kilimzunguka mara mbili. Aliniingiza chumba cha ndani, kwa sababu nilitoka mbali, na mgeni wa mbali mwenyeji hula naye. Akaweka sinia juu ya kitanda kati yetu, ugali wa muhogo na maharage ya mawese, akaninawisha mikono mwenyewe.

"Kula, mwana wanje, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa mwenziwe."

Sikuweza kuinua tonge.

"Alikuwa anakutaja," akasema. "Hata mwezi huu. Alikuwa anatuambia, 'Yusta aliniambia, mama. Aliniambia dukani ninunue kile kidogo, nikamjibu, ya nini, na nina ile. Mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.' Akicheka, lakini si kucheka."

Nikamwambia. Sikujua nitaanzia wapi, nikaanzia katikati, dukani, kisha nikarudi ofisini kwa walimu, kisha bwenini, kisha kwenye kamba za nguo. Nilimwambia ni nani aliyesema yale maneno na ni nani aliyebandikwa. Nilitumia Kiswahili, nikashindwa, nikamalizia kwa Kiha. Alinisikiliza mkono wake ukiwa bado kwenye ukingo wa sinia.

"Yeye alijua?"

"Hapana, mama."

Wanawake waliimba uani, wakamaliza ubeti, wakaanza mwingine. Mama Deo alikuwa anatazama ukuta ulio nyuma yangu.

"Alikuwa ukimwambia jambo mara moja, anakuuliza mara mbili," akasema. "Kila jambo. 'Umesemaje, mama? Rudia. Nimesikia sawa?' Mume wake alichoka naye. Anaandika kwenye karatasi hata chumvi. Nilimpeleka hospitali kupimwa masikio, Yusta. Wakasema ni mazima. Nikampeleka tena."

Alishika ukuta, akainuka. Nikanyanyuka nimsaidie, naye akaweka kiganja hewani kati yetu, bila ukali wowote.

"Wewe kaa," akasema. "Kuna watu nje. Wamekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

Akajifunga kitenge upya, akajifuta uso kwa ncha yake, akafungua mlango. Nyimbo ziliingia kwa nguvu zote, pamoja na mwanga na vumbi la uani. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafunga.